Ngwe, Kipande na Mkonge: Historia ya Kazi ya Kupimiwa

Kabla saa ya ukutani haijafika mashambani, kazi ya kuchosha katika pwani ya Afrika Mashariki haikuhesabiwa kwa muda. Ilihesabiwa kwa eneo, kwa uzito na kwa idadi. Mtumwa wa shambani alipimiwa ngwe, mpagazi alipimiwa frasila, na kibarua wa mkonge alihesabiwa majani. Vipimo hivyo vilirithiana kwa karibu miaka mia moja, na katika mikoa ya Tanga na Morogoro vikazaa utaratibu wa kipande, uliotawala maisha ya mamia ya maelfu ya watu hadi miaka ya 1960. Utaratibu huo ulilenga kujibu swali moja, siku ya kazi inaishia wapi, na jibu la mwenye shamba halikuwahi kufanana na la mkata mkonge.

Katika karne ya 19 mashamba ya nafaka ya Malindi, mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na mashamba ya miwa ya bonde la mto Pangani yalilimwa na watumwa. Malindi mtumwa alipewa ngwe yake asubuhi, ukanda wa ardhi uliopimwa, alime au apalilie. Akiimaliza, mwenye shamba hakuwa na dai jingine kwake siku hiyo. Unguja desturi iliwaachia watumwa wa shamba Alhamisi na Ijumaa walime vijishamba vyao wenyewe, ingawa msimu wa kuchuma karafuu ulizila siku hizo pia. Haifai kuiita desturi hiyo huruma. Mtumwa aliyejilisha kwa muhogo wake alimpunguzia tajiri gharama, na aliyelegea alijua kinachomngoja. Hata hivyo ngwe ilikuwa na mpaka uliojulikana na pande zote mbili, na kuuongeza ghafla kulikuwa uchokozi.

Miwa ndiyo iliyouvunja mpaka huo. Mtama uliokomaa unaweza kungoja siku mbili tatu, na karafuu ina msimu na mapumziko yake. Muwa uliokatwa hauna subira: ukikaa hupoteza utamu, kwa hiyo mkataji, mbebaji na wale wa kinuni hulazimika kwenda kwa mwendo mmoja, na mwendo huo huamuliwa na kinu. Mahitaji ya sukari yalipopanda, wenye mashamba wa Pangani waliwasukuma watu wao kupita kiasi cha desturi. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba hayo waliasi, na wengi wao wakatoroka na kujijengea makazi ya kujitegemea karibu na Pangani. Miaka 20 baadaye, katika nchi hiyohiyo ya Pangani, lilipandwa zao jingine lisilojua kungoja.

Mpagazi wa misafara alikuwa mtu wa namna nyingine. Wengi walikuwa Wanyamwezi huru waliojiajiri kwa mapatano. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, na juu yake mtu alibeba mkeka, sufuria na chakula chake. Safari ya Bagamoyo hadi Tabora ilichukua miezi miwili au mitatu. Kazi hiyo iliua watu kwa ndui, kuhara na njaa ya njiani, lakini wapagazi walikuwa na sauti. Walijadiliana posho kabla ya kuondoka, waligoma mzigo ulipozidi, na mkuu wa msafara aliyewadharau aliamka siku moja akakuta mizigo imelala chini na wabebaji hawapo. Wazungu wengi waliosafiri nao waliandika kuhusu uvivu na ukaidi. Ukisoma maandishi yao kwa makini, mara nyingi utaona wanaeleza watu waliojua bei ya jasho lao.

Shutuma hiyo ya uvivu ilikuwa na kazi maalumu katika siasa ya ukoloni. Katikati ya miaka ya 1880, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitangaza shindano la insha lenye zawadi, likiuliza namna bora ya kumfunza Mwafrika kazi ya mashamba makubwa. Mshindi alikuwa Alexander Merensky, mmisionari aliyekuwa amefanya kazi Afrika Kusini. Mswahili yeyote wa Pangani wa wakati huo angeulizwa swali hilo angeshangaa, maana mashamba yalikuwa yamemzunguka tangu utotoni na watu walikuwa wakilima. Wajerumani hawakukosa watu wanaojua kufanya kazi. Walikosa watu waliokuwa tayari kuyaacha mashamba yao wenyewe wakafanye kazi kwenye shamba la mwingine, kila siku, mwaka mzima, kwa ujira mdogo. Mashamba ya kahawa ya milima ya Usambara yalianza kwa shida hiyohiyo, hata mwaka 1892 wakaletwa vibarua Wachina na Wajava kutoka Singapore. Jaribio hilo halikudumu.

Kodi ya kibanda ndiyo iliyofanya kazi ambayo insha hazikuweza. Kuanzia mwaka 1898 kila nyumba ya kijijini ilidaiwa rupia 3 kwa mwaka, na asiye na fedha aliweza kulipia kwa kazi. Wilaya ya Wilhelmstal, Lushoto ya leo, ikaenda mbali zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 kila mwanamume wa huko alipewa kadi iliyomtaka afanye kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa mwajiri wa Kizungu, la sivyo apelekwe kwenye kazi za serikali. Aliyekaidi alikutana na kiboko. Kanuni za Kijerumani ziliruhusu viboko 25 kwa mara moja, na watu wa pwani wakaikumbuka adhabu hiyo kwa jina la hamsa ishirini hata baada ya Wajerumani kuondoka. Kadi ya Usambara ilichanganya mambo mawili ambayo awali yalikuwa mbalimbali, ngwe iliyopima eneo na sheria iliyohesabu siku za mtu. Siku 30 hazikuwa tena mwezi wa kalenda. Zilikuwa deni.

Wakati huohuo mkonge ulikuwa ukiota. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ya mmea wenye asili ya Yucatán huko Mexico. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo, na maelfu ya vichipukizi vyake, yakaenea mashamba kando ya reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, yakapita Muheza na Korogwe hadi Mombo, na baadaye kando ya reli ya kati kuelekea Morogoro na Kilosa. Kufikia mwaka 1913 koloni lilisafirisha nje takriban tani 20,000 za katani, yaani nyuzi za mkonge, na hakukuwa na zao jingine lililoliingizia fedha nyingi zaidi.

Mkonge hukubali ardhi kavu na huvumilia ukame, sifa zilizoufanya upendwe na wawekezaji. Kwa mkono wa mtu ni mmea mgumu. Kila jani ni upanga wenye mwiba mweusi nchani, na mkataji huinama kwenye safu nyembamba huku majani ya jirani yakimwelekea usoni. Macho yaliyochomwa yalikuwa ajali ya kila siku. Utomvu wake huwasha ngozi, na aliyevaa kaniki iliyochakaa aliwashwa mwili mzima. Jani hukatwa, huondolewa mwiba, hufungwa katika mzigo wa majani 30, kisha mzigo hubebwa begani au kichwani hadi kwenye reli ndogo za shamba, na toroli huupeleka kiwandani. Huko ipo korona, mashine ya Kijerumani ya kusaga nyama ya jani na kuacha nyuzi, ambayo jina lake wafanyakazi walilitumia kwa kiwanda kizima. Katika kila kilo 100 za majani, katani inayopatikana haizidi kilo nne au tano. Sehemu kubwa ya uzito uliovunja mgongo wa mbebaji ilikuwa maji na takataka.

Tena jani lililokatwa likikauka kabla ya kusagwa, nyuzi huharibika. Korona nayo ilikuwa mashine ya gharama kubwa, na kuiacha isimame kwa kukosa majani kulikuwa hasara ambayo meneja alipaswa kuieleza kwa wenye hisa. Hivyo mwendo wa mashine ulishuka hadi shambani. Meneja alijua tani anazotaka, karani akazigawa kwa idadi ya wakataji, na nyapara akazigeuza kuwa majani. Kazi ya siku ya mkataji ilizidi majani 2,000. Mpango huo ulikuwa mkali zaidi kuliko ule wa miwa, kwa sababu miwa ina msimu, na mkonge hukatwa mwaka mzima. Shina huanza kukatwa likiwa na umri wa miaka mitatu hivi, likaendelea kutoa majani kwa miaka saba au kumi, mpaka litoe mlingoti wa maua na kufa.

Pamba ya kusini ilikuwa na historia fupi na ya damu zaidi. Kuanzia mwaka 1902, Gavana von Götzen aliamuru vijiji vya pwani na kusini vilime mashamba ya pamoja ya pamba chini ya maakida na majumbe. Watu waliitwa kwenye pamba wakati uleule ambao mashamba yao ya chakula yalihitaji kupaliliwa na kulindwa dhidi ya nguruwe. Malipo ya kwanza katika wilaya ya Dar es Salaam yalikuwa senti 35 kwa mtu kwa kazi ya msimu mzima, na wapo waliokataa hata kuzipokea. Julai 1905, huko Nandete katika Umatumbi, vita vya Majimaji vilianza kwa kitendo ambacho hakikuhitaji ufafanuzi: watu waliingia katika shamba la pamba wakaing'oa. Kabla vita havijaisha mwaka 1907, makadirio ya Wajerumani wenyewe yalifikia vifo 75,000, na wanahistoria wa baadaye wametaja idadi kubwa zaidi ya hiyo mara kadhaa. Wengi walikufa kwa njaa baada ya jeshi kuchoma vyakula. Sababu za vita hivyo zilikuwa nyingi, lakini mzozo juu ya siku za mtu, nani azitumie na kwa faida ya nani, ulikuwa ndani ya karibu kila moja.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilirudisha kipimo cha mzigo kwa namna ambayo mpagazi wa Kinyamwezi asingeikubali. Majeshi yaliyopigana kuanzia mwaka 1914 hadi 1918 hayakuwa na barabara, na mbung'o waliua farasi na nyumbu. Yalitembea juu ya vichwa vya watu. Upande wa Waingereza peke yake unakadiriwa kuandikisha wapagazi wapatao milioni moja kutoka makoloni mbalimbali. Vifo vilivyoandikwa rasmi vilizidi 40,000, na wengi waliochunguza suala hilo wanaamini kwamba idadi halisi ilifika maradufu, hasa kwa kuhara, nimonia na malaria. Hawa hawakuweza kugoma wala kujadiliana posho. Unga waliopewa mara nyingi haukuiva kwa kukosa kuni na muda, na tumbo la mtu aliyechoka halikuuhimili. Kariakoo ya Dar es Salaam inabeba jina la kikosi chao. Huku nyuma, Ugogo iliyonyang'anywa wanaume, ng'ombe na nafaka na majeshi ya pande zote mbili iliingia katika njaa iliyoitwa Mtunya, inayokadiriwa kuua watu 30,000 kati ya mwaka 1917 na 1920.

Waingereza walipoikamata Tanganyika walipiga marufuku utumwa mwaka 1922, na mwaka uliofuata wakatunga sheria ya mabwana na watumishi wenyeji. Chini ya sheria hiyo kibarua aliyetoroka au kukataa kazi alivunja sheria ya jinai, si mkataba tu, na aliweza kufungwa. Ndani ya mfumo huo ndipo kipande kilipopata umbo lake kamili. Kisichanganywe na kipande cha Kenya, ambacho kilikuwa kitambulisho cha lazima kilichovaliwa shingoni ndani ya kibweta cha bati. Cha Tanganyika kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Kibarua akimaliza kazi aliyopimiwa, karani aliitia alama nafasi moja. Asipoimaliza, nafasi ilibaki tupu na nguvu aliyotumia siku hiyo ikapotea. Mshahara ulilipwa kadi ikijaa, na haikuhitaji kujaa ndani ya mwezi.

Kwa mwajiri, utaratibu huo ulikuwa na faida mbili kubwa. Kwanza, uchovu ulitoka mikononi mwake. Homa, jeraha, mvua na nyapara mwenye chuki vyote vikawa hasara ya kibarua. Pili, mtu aliyefikisha alama 18 hakuweza kuondoka bila kuacha jasho lake nyuma. Wafanyakazi nao waliona ndani yake jambo moja zuri, na hapo ndipo historia hii inapokataa kuwa hadithi ya upande mmoja. Kipande kilikuwa na mwisho. Mkataji hodari aliyeingia shambani kabla ya mapambazuko aliweza kumaliza saa nne au tano asubuhi, akarudi kambini kabla ya jua kali. Mameneja walilalamika bila kukoma kwamba mchana mzima vibarua wamekaa bure, na kila walipojaribu kuongeza majani walikuta upinzani. Kwa hiyo kulikuwa na watu waliochukia ujira wa kipande na bado wakakitetea chenyewe dhidi ya kazi ya saa. Aliyeumia zaidi ni mgeni asiyejua kukata, mgonjwa na mzee, ambao jua liliwazamia wakiwa bado hawajafikisha hesabu. Wenye wake kambini waliokolewa na mikono ya pili. Mke alifunga mizigo na kuibeba hadi relini, na alama ikaingia kwenye kadi ya mume.

Watu wa Tanga wenyewe, Wabondei, Wasambaa, Wadigo na Wazigua, waliikwepa kazi ya kukata kadiri walivyoweza. Walikuwa na mashamba karibu, na walipendelea kazi fupi au kuuza chakula kwa makambi. Mkonge ukalazimika kutafuta watu mbali, kwenye nchi ambazo hazikuwa na zao la kuuza wala njia nyingine ya kupata fedha ya kodi: Songea na Njombe, Uha, Rwanda na Burundi, Rhodesia ya Kaskazini, na ng'ambo ya mto Ruvuma. Walioletwa kwa mikataba waliitwa manamba, kwa namba waliyopewa kila mmoja wakati wa kuandikishwa. Wenye mashamba, waliojiunga katika chama chao tangu mwaka 1930, walianzisha mwaka 1944 ofisi ya pamoja ya kuandikisha, ambayo kila mtu aliijua kwa jina la SILABU. Mawakala wake walifika vijijini na blanketi na ahadi. Katika miaka ya 1950 mashamba ya mkonge yaliajiri zaidi ya watu 100,000, na hakuna mwajiri mwingine nchini aliyekaribia idadi hiyo.

Madhara ya kazi kwa mwili yalianza kuandikwa mapema. Idara ya Kazi iliyoundwa mwaka 1926 chini ya Meja Granville Orde-Browne ilikuta kwamba wengi hufika wakiwa tayari wamedhoofika kwa safari ndefu ya miguu, ndipo ikajenga kambi za kupumzikia na kugawa chakula kwenye njia kuu za wahamiaji. Orde-Browne hakuwa mpinzani wa mashamba, lakini alielewa kwamba mtu aliyetoka nyanda za baridi akatupwa katika bonde la malaria, akala unga mtupu na kupimiwa kazi ya mzoefu kuanzia siku ya kwanza, ataanguka. Utaratibu wa kumpunguzia mgeni kazi katika majuma ya mwanzo ulishauriwa mara kwa mara na kufuatwa pale meneja alipotaka. Mwaka 1931, bei ya mkonge ilipoanguka kwa mdororo wa dunia, serikali ilibana matumizi ikaifunga idara hiyo. Kwa miaka kadhaa kambi zilikaa bila jicho la kudumu la serikali, katika kipindi kilekile ambacho waajiri walipunguza mishahara.

Nyumbani, uchovu ulichukua sura nyingine. Mwanamume aliyekwenda Tanga kwa mkataba alikosekana zaidi ya mwaka mmoja, na miezi ya kufyeka na kuchoma msitu haikumngoja. Audrey Richards, aliyefanya utafiti kwa Wabemba wa Rhodesia ya Kaskazini katika miaka ya 1930, alionyesha jinsi kutokuwepo kwa wanaume kulivyovunja kilimo chao cha kukata matawi na kuchoma, wanawake wakabaki na mashamba madogo yaliyochoka. Philip Gulliver alipoandika kuhusu Wangoni na Wandendeule wa Songea mwaka 1955 alikuta vijana wanaondoka si kwa kutamani mkonge, bali kwa kuwa nyumbani hapakuwa na shilingi. Mashamba yaliweza kulipa ujira wa mtu mmoja kwa sababu kulikuwa na jembe la mwanamke kijijini lililomlisha mkewe, watoto na wazazi wake, na lililompokea yeye mwenyewe aliporudi amechakaa. Kazi hiyo ya kijijini haikuwa na karani wala alama. Ukiijumlisha, bei halisi ya tani moja ya katani ilikuwa juu sana kuliko ile iliyosomwa London.

Vita vya Pili vya Dunia vilirudisha shuruti hadharani. Wajapani walipoteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, nchi Washirika zilipoteza katani ya Manila na mkonge wa Java kwa pigo moja, na kamba za meli zao zikategemea Afrika Mashariki. Mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa wa mwaka 1930 ulikataza kazi ya kulazimishwa, Uingereza ikiwa miongoni mwa waliouridhia, lakini uliacha mlango wa dharura za vita. Serikali ya Tanganyika ikapita mlango huo. Makumi ya maelfu ya wanaume walikamatwa vijijini kwa amri, wakapelekwa kwenye mashamba ya watu binafsi ya mkonge, mpira na pareto. Watawala wengine wa wilaya walitekeleza amri hiyo huku wakiandika kwamba inafanana mno na yale yaliyolaaniwa kwa Wajerumani.

Baada ya vita hasira za mijini zilianza kupata vyombo. Makuli wa bandari za Tanga na Mombasa walikuwa wamegoma mwaka 1939, na mgomo wa makuli wa Dar es Salaam mwaka 1947 ulisambaa kando ya reli ya kati hadi kwa wafanyakazi wa kazi nyingine. Mashambani kujipanga kulikuwa kugumu zaidi, maana kambi ilikuwa mali ya shamba na aliyefukuzwa kazi alipoteza kitanda siku hiyohiyo. Sheria mpya ya ajira ya mwaka 1955 ilichukua nafasi ya ile ya mabwana na watumishi. Mwaka huohuo liliundwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, na Rashidi Kawawa akawa katibu wake mkuu. Mwaka 1958 mgomo wa Mazinde, karibu na Mombo, ulionyesha kwamba wakata mkonge nao wanaweza kusimama pamoja. Madai ya miaka hiyo yanafundisha jambo: pamoja na mshahara, watu walibishana mno juu ya ukubwa wa kazi ya siku. Idadi ya majani ilikuwa saa yao.

Uhuru ulikuja na wito wa Uhuru na Kazi. Mwaka 1962 bodi ya serikali ilipendekeza kima cha chini cha mshahara, kikaanza kutumika mwaka uliofuata, na kwa mara ya kwanza ujira ulikusudiwa kumtosha mtu mwenye familia mahali pa kazi. Waajiri walijibu kwa hesabu zao. Waliopalilia na kufyeka walipunguzwa, kazi ya siku ikaongezwa, na mashamba yasiyo na rutuba yakaachwa. Uzalishaji ulifika kilele cha karibu tani 230,000 mwaka 1964, kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni na bei ikaporomoka. Kabla muongo haujaisha, ajira ya mkonge ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu. Waliobaki walipata zaidi na kufanya kazi zaidi. Wengi walioondolewa hawakurudi Songea wala Kigoma, wakahamia vijiji vilivyozunguka mashamba.

Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililofuatwa na utaifishaji wa sehemu kubwa ya mashamba hayo, lilizungumzia uchovu kwa namna isiyo ya kawaida katika waraka wa kisiasa. Lilieleza kwamba wanawake wa vijijini wakati mwingine hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, huku wanaume wa vijijini na baadhi ya wanawake wa mijini wakiwa likizoni nusu ya maisha yao. Maneno hayo yamekosolewa, kwani yalisahau wanaume wengi waliomaliza ujana wao kwenye mkonge. Hata hivyo yaliiweka kazi ya mwanamke wa shamba katika hesabu ya taifa, jambo ambalo ripoti za mashamba hazikuwa zimelifanya kwa miaka sabini.

Sheria inayotumika leo Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, hupima kwa saa. Juma la kazi lisizidi siku 6 na saa 45, siku ya kawaida isizidi saa 9, na saa za ziada zisizidi 50 katika majuma manne. Mantiki yake inaungwa mkono na tiba. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi la Kimataifa yalikadiria mwaka 2021 kwamba kazi ya saa 55 au zaidi kwa juma ilihusika na vifo 745,000 duniani mwaka 2016, kwa kiharusi na maradhi ya moyo. Kwa mkata mkonge, ambaye ujira wake bado huhesabiwa kwa mizigo ya majani 30, kikomo cha saa huwa na maana pale tu idadi ya mizigo inapokuwa ya kiasi ambacho mtu wa kawaida, si hodari wa kambi, anaweza kukifikisha ndani ya saa hizo 9.